Sura ya 6: Maneno Mafupi Yanayowatoa Wasomi Jasho

Mbona maneno marefu ya Kiingereza hayatushindi, na haya mafupi ndiyo yanatutoa jasho? Swali hilo huulizwa na mzazi wa Umoja anayemsaidia mtoto kazi ya ziada usiku, na kijana wa Kayole anayejiandaa kwa usaili wa kazi, na hata mwalimu mwenyewe akiwa peke yake na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua “abandon”. Anajua “tolerate”, “investigate” na “postpone”, na akiambiwa ayatungie sentensi hasiti. Mpe sasa “give up”, “put up with”, “look into” na “put off”. Ndani yake hamna neno geni. Give, put, look, up na off alifundishwa akiwa chekechea. Lakini hapo ndipo anapoanza kukuna kichwa.

Anayetaka ushahidi apande gari la namba 58 kutoka mjini kwenda Buruburu. Abiria akikaribia steji yake humwambia makanga, “Naalight hapo mbele.” Neno hilo “alight” ni la vibao na matangazo ya stesheni za reli za Uingereza, neno la afisa aliyevaa tai. Mtu wa London akiwa kwenye basi na rafiki yake husema “get off”. Katika matatu za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, katikati ya honi na muziki unaotikisa viti, watu hutumia Kiingereza cha tangazo la stesheni na hakuna anayeshangaa.

Kisa cha “alight” kinabeba karibu kila kitu kitakachoelezwa hapa: Kiingereza kilifika mitaa hii kikitokea juu, ofisini na vitabuni, na yale maneno mafupi ya nyumbani kikayaacha njiani.

Kitu chenyewe ni nini?

Chukua kitenzi “give”, yaani kutoa. Kifuatishe neno dogo uone. “Give up” ni kukata tamaa, au kuacha tabia kama kuvuta sigara. “Give in” ni kusalimu amri. “Give away” ni kutoa bure, na pia kufichua siri. “Give out” ni kugawa, kama mwalimu anavyogawa vitabu, lakini goti la mzee likisemwa “has given out” basi halimbebi tena. Kitenzi hakijabadilika hata herufi moja. Kazi yote imefanywa na kineno kilichokifuata.

Muungano huo wa kitenzi na kineno kimoja au viwili, ukizaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kujumlisha sehemu zake, ndio unaoitwa kitenzi kirai. Wanafunzi wa Nairobi hulitumia jina la Kiingereza, “phrasal verb”. Jina hilo lilienezwa na mwandishi Logan Pearsall Smith katika kitabu cha mwaka 1925, lakini kilio kuhusu jambo lenyewe ni cha zamani zaidi. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755, alionya katika dibaji kwamba hakuna kinachowatatiza wageni kuliko vitenzi vinavyogeuzwa maana na vineno vidogo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dandora anayelalamika ana shahidi wa zaidi ya miaka 250.

Wala msemaji wa Kiswahili asiwacheke Waingereza. Hebu amweleze mgeni kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti na tunapiga mswaki, na katika yote hayo hakuna aliyeumizwa. Mtoto wa Kiswahili hafundishwi orodha ya “piga”. Humwona mamake akipiga deki, naye akapewa kitambaa akapiga. Dawa ya vitenzi virai imo humo humo, na tutaifikia.

Kiingereza cha ofisini, Kiswahili cha jikoni

Uingereza kwenyewe kuna lugha mbili zinazoishi ndani ya moja. Mwaka 1066 nchi hiyo ilitekwa na Wanormani waliozungumza Kifaransa, na kwa miaka mingi mahakama, serikali na meza za wakubwa zikawa za Kifaransa na Kilatini. Maneno marefu kama “tolerate” na “postpone” yana asili ya Kilatini, mengine yakipitia Kifaransa na mengine yakichukuliwa na wasomi moja kwa moja. Mkulima hakuyahitaji. Aliendelea na vitenzi vyake vifupi vya asili, akivibandika up, down, in na off kila alipotaka maana mpya. Mgawanyo huo haujafutika: barua ya serikali itasema “discontinue”, mama mwenye nyumba atasema “cut it out”.

Huku kwetu, Kiingereza kiliingia kwa mlango wa barua ya serikali. Mwaka 1957 yalianza majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza katika shule za watoto wa Kiasia jijini Nairobi. Miaka michache baadaye mpango huo ulienezwa kwa shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach. Tume ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa matatu ya kwanza yatumie lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na Kiingereza kishike usukani kuanzia darasa la nne. Mjini, ambako jirani mmoja ni Mluo, wa pili Mkamba na wa tatu Mkikuyu, shule nyingi zilianza na Kiingereza au Kiswahili siku ya kwanza.

Jikoni ilikuwa habari nyingine. Mtoto wa Uingereza husikia “get up”, “put it down”, “hurry up” na “come back here” kabla meno hayajamtoka yote. “Abandon” atalikuta shuleni. Mtoto wa Jericho hupitia njia hiyo kinyumenyume. Huamshwa kwa “amka”, huambiwa “weka chini”, “fanya haraka”, “rudi hapa”. Akitoka nje, uwanja una lugha yake. Sheng, ambayo kukua kwake kwa kawaida huhusishwa na mitaa hii ya mashariki mwa jiji, hasa miaka ya 1960 na 1970, ndiyo yenye mpira, utani, biashara ndogo na mapenzi. Kiingereza kinamngoja darasani kikiwa kimevaa suti.

Huyu mtoto ni mweledi wa lugha kuliko watu wengi duniani, kwani hubadilisha lugha tatu au nne kwa siku bila kujikwaa. Pengo lake moja ni kwamba hakuna aliyewahi kumgombeza, kumbembeleza wala kumtuma dukani kwa Kiingereza. Na huko ndiko vitenzi virai vinakoishi.

“Nitakupick steji”

Athari ya historia hiyo inasikika kila siku, na dalili yake kubwa ni kudondosha kineno. Mkenya husema “I will pick you at the stage”. Mwingereza akisikia hivyo huelewa, lakini kwake “pick” peke yake ni kuchagua au kuchuma: ni kama ameahidiwa kuteuliwa akiwa steji. Yeye angesema “pick you up”. Vivyo hivyo “pick the phone”, ambayo kwake ni kuchagua simu kati ya simu nyingi, kumbe mwenzake anataka tu ipokewe. Wataalamu wanaochunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki wameiandika tabia hii kwa miaka mingi.

“Drop” limepona kwa bahati. “Drop me at the stage” ni sawa hata London, kwa sababu mahali pametajwa. “Off” si lazima. Wakati mwingine mambo hugeuka na kineno kikaongezwa pasipohitajika, kama katika “cope up with”. Sahihi ni “cope with”. Inaelekea “up” hilo limeazimwa kutoka “keep up with” na “put up with”, majirani zake wa karibu.

Kisa kitamu kuliko vyote ni “go off”. Mfanyakazi wa Donholm anamwandikia mkubwa wake aliye Uingereza: “Sorry, my phone went off during the meeting.” Anamaanisha simu ilizima, betri imekwisha. Mkubwa anasoma kwamba simu iliita kwa sauti kubwa katikati ya mkutano, maana kwa Mwingereza simu, kengele au king'ora kikisemwa “went off” kimelia. Bomu likisemwa hivyo limelipuka. Maziwa yakisemwa hivyo yameganda na kunuka. Stima ikipotea, “the lights went off” ni sawa kwa wote wawili, na pengine huko ndiko Mkenya alikoitoa: kama taa zinaweza, kwa nini simu isiweze? Mantiki yake haina kasoro. Kiingereza cha Uingereza ndicho kisichofuata mantiki, na mfanyakazi wetu aliyeomba radhi kwa kukosekana anajikuta ameomba radhi kwa kupiga kelele.

Naye anayesema “put off the TV” akimaanisha kuizima ajue kwamba sikio la London siku hizi husikia “put off” kama kuahirisha. Kwa televisheni, stima na jiko la gesi, neno salama ni “turn off”.

Je, haya ni makosa? Jibu la haki ni kwamba “pick you at the stage” ni Kiingereza cha Kenya, kinaeleweka kutoka Mombasa hadi Malaba, na anayemcheka mwenzake kwa hilo anajisumbua. Lakini mtihani, usaili wa simu na mteja wa ng'ambo wana masikio mengine. Mtu wa Eastlands anajua vizuri kwamba Sheng ya uwanjani haiendi kwa mjomba wa kijijini. Hili nalo ni la aina hiyo.

Kwa ufupi:
- Kwa maana ya kuchukua mtu au kupokea simu, “pick” inahitaji “up”.
- “Cope” haihitaji “up”.
- Simu iliyozima: “my phone died” au “my battery ran out”. Simu iliyoita: “my phone went off”.

Vilivyokwisha kuhamia mtaani

Kuna habari njema ambayo vitabu vya shule havisemi. Vitenzi virai vingi vimeshaingia Eastlands vikiwa vimejificha ndani ya nomino. Pikapu inayobeba viazi kwenda sokoni ni “pick up”. Tekawei ya chipsi ni “take away”. Chekapu ya hospitali ni “check up”. Gari la brekdauni linalovuta matatu iliyokwama Outer Ring limetokana na “break down”, kuharibika. Lokdauni ya mwaka 2020 hakuna asiyeikumbuka. Mpira wa Camp Toyoyo kule Jericho una “kick off”, na mashindano yana hatua ya “knock out”. Simu imeleta “log in”, “sign up” na “top up”. Mhitimu anayeshughulika na kitambulisho kwenye eCitizen amezitumia mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Kuzigeuza nomino hizi ziwe vitenzi kunahitaji jambo moja tu, mkazo wa sauti. Nomino huwekewa mkazo mwanzoni: PICKup, BREAKdown, CHECKup. Kitenzi huwekewa mkazo kwenye kineno: pick UP, break DOWN. Mtu akisema “The car broke DOWN near Kariobangi” huku akikandamiza “down”, tayari amefanana na mwenye lugha kuliko aliyemeza kamusi nzima.

Wauguzi 300

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wasio na kazi wakafanye kazi katika hospitali za Uingereza. Februari 2022 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi ilizizima. Hawa ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu utotoni, wakafanya diploma kwa Kiingereza, wakaandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza.

Mtihani wa namna hiyo hupima mengi, kuandika, kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na itakuwa uongo kusema walianguka kwa sababu ya vitenzi virai. Hata hivyo, tazama kinachomsubiri muuguzi baada ya mtihani. Kitabu chake kilimfundisha “vomit”, “faint”, “regain consciousness” na “deteriorate”. Bibi kizee wa Leeds hajasoma kitabu hicho. Atasema hivi:

- “I threw up twice”: nimetapika mara mbili.
- “I passed out in the kitchen”: nilizimia jikoni.
- “When I came round, my son was there”: nilipopata fahamu.
- “I think I'm coming down with something”: nahisi naanza kuugua.
- “The tablets are wearing off”: dawa zinaisha nguvu.
- “The swelling has gone down”: uvimbe umepungua.
- “My knee is playing up again”: goti limeanza kunisumbua tena.

Muuguzi aliyefunzwa Pumwani, katika hospitali ya wazazi iliyoanza mwaka 1926, anayajua maradhi hayo yote. Asipoyatambua yakiwa yamevaa nguo za nyumbani, atamwomba bibi arudie mara tatu na bibi atadhani muuguzi hasikii. Pia kuna jozi moja ya hatari, “pass out” na “pass away”. Ya kwanza ni kuzimia, ya pili ni kufariki. Wakenya wengi husema “pass on” kwa kufariki, na hiyo pia inaeleweka Uingereza, lakini anayechanganya “out” na “away” akiongea kwa simu na jamaa ya mgonjwa atazua kilio kisichokuwa na maiti.

Ni vingapi hasa?

Maduka ya vitabu yana kamusi za vitenzi virai zenye maelfu, na kuziangalia tu kunachosha. Hakuna haja. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Dee Gardner na Mark Davies, walipekua kwa kompyuta mkusanyiko wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, wa maandishi na wa mazungumzo. Waligundua kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vineno 8, ndivyo vinavyotoa zaidi ya nusu ya vitenzi virai vyote vinavyotumika. Vitenzi vyenyewe ni vya chekechea: go, come, take, get, turn, bring, look, put, pick, give, break na wenzake. Kinachoongoza ni “go on”.

Mtego ni mmoja: vile 100 vinavyotumika zaidi, kila kimoja kina maana zaidi ya tano kwa wastani. “Go on” ni kuendelea, ni kutokea, ni taa kuwaka, ni kumhimiza mtu aseme. Mtego huo ulimnasa Mwingereza Charles Ogden. Mwaka 1930 alitangaza Kiingereza rahisi cha maneno 850 kwa ajili ya wageni, akiwa ameondoa karibu vitenzi vyote. Ili vilivyobaki viweze kubeba mzigo alilazimika kuvichanganya na vineno, na mgeni aliyeepushwa na “abandon” akatupiwa “give up”.

Ila vineno vyenyewe vina tabia, na tabia hizo mtu anaweza kujifunza. Kiswahili hufanya kazi kama hiyo kwa viungo vya mwisho wa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, silabi moja imepindua kila kitu. “Up” mara nyingi huleta ukamilifu: “eat up” ni kula chote, “use up” ni kutumia mpaka kuisha, “fill up” ni kujaza pomoni. “Down” hupunguza: “slow down”, “cut down”, “calm down”. “Off” hutenganisha au hukata: “take off” nguo, “cut off” maji, “turn off” stima. “Out” humaliza au hutoa hadharani: “run out” ni kuishiwa, “find out” ni kugundua. “Back” hurudisha, na haina ujanja mwingi: “pay back”, “call back”, “give back”. Tabia hizi hazitaeleza kila kitu. “Put up with” haielezeki, imezwe tu.

Daftari la mahali

Shuleni vitenzi hivi hufundishwa kwa orodha ya kitenzi kimoja: look at, look for, look after, look into, look down on, look forward to. Orodha hiyo ni rahisi kuandika ubaoni na ni ngumu kuibeba kichwani, kwa sababu vyote vinafanana na havina mahali. “Look for” na “look after” huishia kugombana hadi siku ya mtihani. Afadhali daftari lipangwe kwa mahali, ukurasa mmoja kila mahali ambapo mtu hupita.

Ukurasa wa matatu unajijaza wenyewe. Abiria “get on” na “get off”. Dereva “pull over” askari anaponyosha mkono. Makanga “run out of change”. Anayesimama “hold on” gari linapokata kona ya Jogoo Road. Gari “slow down” kwenye matuta, “fill up” kwenye kituo cha petroli, “break down” siku ya mvua. Msomaji anayeyataja haya kimoyomoyo akiwa garini, kila tukio linapotokea, anayasikia pale pale tukio linapofanyika.

Ukurasa wa mpira ni mzuri zaidi, kwa kuwa mtangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza ni mwalimu asiyelipwa. Kwenye kibanda cha mpira Jumamosi jioni mchezaji “gives the ball away”, yaani anampa adui mpira. Kocha “brings on” mchezaji wa akiba na “takes off” aliyechoka. Mwenye kadi nyekundu “is sent off”. Aliyetoa pasi ya bao “set it up”. Timu inayolinda bao moja hadi mwisho “held on”. Picha na neno hufika pamoja, na mtangazaji hurudia wiki ijayo.

Ukurasa wa tatu uwe wa kazi: “follow up”, “look into”, “get back to”, “carry out”, “hand over”, “sort out”. Hivi ndivyo vya barua pepe na simu za ofisi, na anayetafuta kazi ya kuhudumia wateja kwa simu aanzie hapa.

Kuna kanuni moja ya kisarufi inayostahili kukaririwa. Mtu anaweza kusema “pick up the child” au “pick the child up”. Akitumia “him”, “her” au “it”, kiwakilishi hicho hukaa katikati: “pick him up”, kamwe si “pick up him”. Lakini “look after” haigawanyiki: ni “look after him”. Utajuaje kipi kinagawanyika? Njia ya mkato ni kuandika kila kitenzi daftarini kikiwa na “it” mahali pake: pick it up, turn it off, put it off, look after it, look into it, put up with it. Anayekikariri hivyo amekariri na kanuni yake.

Jambo la mwisho kuhusu vitabu. Mtu mzima anayetaka vitenzi virai kwa wingi asikimbilie riwaya nene. Achukue hadithi za watoto, maana humo ndimo mama anamwamsha mtoto, mtoto anavaa viatu, mbwa anatoroka. Maktaba za jiji zilizoko Makadara na Kaloleni, matawi ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na zina rafu za watoto. Mtu wa miaka 30 akiketi pale na kitabu cha mtoto wa miaka sita, asione haya. Ataonekana kama mzazi.

Na mtihani je?

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, sarufi ya Kiingereza iko kwenye karatasi ya pili na ina alama 15 kati ya 80. Vitenzi virai huja humo mara kwa mara, kwa kawaida mtahiniwa akitakiwa kubadilisha neno lililopigiwa mstari. Wengi hupata kitenzi sahihi na kupoteza alama kwa njeo. Sentensi ikisema “The thief surrendered”, haijibiwi kwa “give in”. Hapo jibu ni “gave in” au “gave himself up”, kwa wakati uliopita. Soma sentensi nzima ukiwa umeshaweka jibu lako ndani. Basi.

Zoezi

Jaza pengo kwa kitenzi kirai kinachofaa. Maana imetolewa kwa Kiswahili.

1. The policeman on Jogoo Road told our driver to ______. (kusimama kando ya barabara)
2. We have ______ tokens and the house is dark. (kuishiwa)
3. The match at Camp Toyoyo was ______ because of the rain. (kufutwa)
4. Our grandmother ______ us when Mum is in Gikomba. (kutunza)
5. They offered her the job but she ______. (kuikataa)
6. How do you ______ the noise from that bar? (kuvumilia)

Majibu: 1 ni “pull over”. 2 ni “run out of”. “Of” ni lazima kwa sababu kilichoisha kimetajwa. 3 ni “called off”. Kama mechi ilisogezwa tu hadi Jumamosi ijayo, ingekuwa “put off”. 4 ni “looks after”, na “s” ya “looks” inahesabiwa. 5 ni “turned it down”. Aliyeandika “turned down it” arudi kwenye kanuni ya “it”. 6 ni “put up with”, ambayo haigawanyiki. Na jirani wa baa hiyo akichoka kuvumilia, akavuka barabara kuomba muziki upunguzwe, atasema “Please turn it down”, kitenzi kile kile cha sentensi ya 5, sasa kikimaanisha kupunguza sauti.